KITOVU CHA MJI NI MALI YA WOTE

Atakaye kujua tabia ya mji na akitazame kitovu chake. Huko ndiko watu wa kila namna wakutanako, na huko ndiko huonekana ni nani anayehesabiwa kuwa mwenyeji na ni nani anayehesabiwa kuwa mpita njia. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, hasa wafanyakazi na wanachama walio katika matawi, juu ya kitovu cha Dar es Salaam: sehemu ile inayoanzia bandarini Kivukoni, ikafuata Barabara ya Samora na mitaa ya maduka, ikavuka uwanja wa Mnazi Mmoja na kuishia katika mitaa ya Kariakoo.

Mji huu ulikuwa makao makuu ya watawala tangu mwaka 1891. Chama kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na sheria ya mwaka 2018 imekwisha kuutangaza Dodoma kuwa Jiji la Makao Makuu ya Nchi. Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa wizara zimehama, basi mambo ya kitovu cha Dar es Salaam ni shauri la wenye maduka na wenye magari tu. Sisi hatukubaliani nao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao riziki yao yatoka, kwa njia hii au ile, katika maili chache zilizo kati ya bandari na Kariakoo. Jambo linalowagusa watu wengi kiasi hicho haliwezi kuachwa mikononi mwa wachache.

Twasema mapema tunalotaka kulisema. Kitovu cha mji huu kiligawanywa zamani kwa hila ya sheria, kikaunganishwa na watu wenyewe, na leo kimo katika hatari ya kugawanywa tena, safari hii kwa hila ya bei. Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

MIJI MITATU KATIKA MJI MMOJA

Kabla ya mji kulikuwa na kijiji cha Mzizima, cha wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja aliipenda bandari yake iliyojificha, akaanza kujenga. Majid alikufa mwaka 1870, na ndugu yake Barghash hakuendelea na kazi ile. Kampuni ya Wajerumani ilifika mwaka 1887, na miaka minne baadaye serikali yao ikahama Bagamoyo na kufanya Dar es Salaam kuwa makao yake makuu.

Wajerumani hawakukawia kuugawa mji. Mwaka ule ule wa 1891 walitoa sheria ya ujenzi iliyosema ni nyumba za namna gani zijengwe mahali gani. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari na miti ya kivuli, palitengwa kwa nyumba za mawe za namna ya Kizungu. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, hawakuitupa fikira hiyo, waliikamilisha. Kanuni zao za mwaka 1924 ziliweka maeneo matatu: la kwanza la nyumba za namna ya Kizungu, la pili la maduka na nyumba za biashara, na la tatu la nyumba za Kiafrika. Watu hawakuhitaji kusoma kanuni hizo ili wajue maana yake. Waliita kila eneo kwa jina lake la kweli: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini.

Hapa twataka msomaji asimame kidogo. Waingereza walikuwa wakiitawala Tanganyika kwa amana ya Shirika la Mataifa, na isingekuwa vema mbele ya macho ya dunia waandike katika sheria kwamba Mwafrika asikae mahali fulani kwa sababu ya rangi yake. Basi hawakuandika hivyo. Waliandika habari za kuta, paa, ukubwa wa kiwanja na usafi. Mwafrika aliruhusiwa kukaa Uzunguni, mradi tu ajenge nyumba ya mawe ya namna ya Kizungu katika kiwanja kikubwa! Kuli wa bandarini aliyelipwa kwa kutwa angezipata wapi fedha hizo? Kwa njia hiyo ubaguzi wa rangi ulipita mlangoni ukiwa umevaa kanzu ya kanuni za ujenzi, na hapakuwa na mtu aliyeweza kuukamata. Somo hili tutalirudia, kwa maana limo katika kiini cha maneno yetu ya leo.

JINA LA WAPAGAZI

Kariakoo yenyewe ni jina la mateso. Mahali hapo palikuwa shamba, na kabla ya Vita Kuu ya kwanza Wajerumani walilinunua ili wawahamishie huko Waafrika. Wakajenga na banda kubwa la soko, lakini vita vikaanza kabla ya soko kufanya kazi. Waingereza walipoingia, walilifanya eneo hilo kuwa kambi ya Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi. Watu wetu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo.

Wapagazi hao ndio waliobeba vita vile vichwani na mabegani. Risasi, mizinga, unga na majeruhi, vyote vilipita juu ya vichwa vyao, kutoka pwani hata mpaka wa Msumbiji na kuvuka. Makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Na waliouawa na njaa, homa na kuhara walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha katikati ya mji sanamu ya askari wa shaba mwenye bunduki, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann kabla ya vita. Maneno yaliyochorwa chini ya sanamu ile yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyesimama juu ya jiwe ni askari. Mpagazi hakupewa sanamu, naye akabaki katika jina la soko. Kila mtu asemaye leo “nakwenda Kariakoo” amemtaja bila ya kujua, na pengine hiyo ni heshima kubwa kuliko shaba.

Mitaa ya Kariakoo ilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na ndani yake zikajengwa nyumba tunazozifahamu sote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma pamoja na jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyosalia. Miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwamo wanawake. Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi, Mluguru na Mngoni walikutana katika ua mmoja, wakateka maji mahali pamoja, wakazikana na kuozana. Watawala walikusudia eneo la tatu liwe ghala la vibarua. Wakazi wake wakaligeuza kuwa shule ya umoja.

UWANJA ULIOKUSUDIWA KUTENGA

Kati ya Uhindini na Kariakoo watawala walitaka pawe na nafasi tupu. Walisema ni kwa ajili ya afya, ili maradhi yasivuke. Katika miaka ya 1920 nyumba zilizokuwa hapo ziliondolewa, na ukanda mrefu ukaachwa wazi. Huo ndio Mnazi Mmoja.

Wakoloni walipouacha uwanja ule wazi ili watu wasikutane, waliwapa watu mahali pa kukutania. Hawakulitambua kosa hilo mpaka walipochelewa. Chama cha Waafrika, African Association, kilianzishwa mjini humu mwaka 1929, na wanachama wake wakajenga jengo lao hatua chache tu kutoka uwanjani, katika mtaa ulioitwa New Street. Katika ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa Mnazi Mmoja kwa fedha za mfanyabiashara Mgiriki, ndiko Mwalimu Julius Nyerere alikochaguliwa kuwa rais wa chama hicho mwezi wa Aprili 1953. Tarehe 7 Julai 1954, New Street, chama kikazaliwa upya kwa jina la TANU. Na Mwalimu aliporejea kutoka Umoja wa Mataifa mwezi wa Machi 1955, watu walifurika Mnazi Mmoja kumsikiliza. Ukanda uliokatwa ili kutenga ukawa uwanja wa kuunganisha. Mtaa wa New Street leo waitwa Lumumba, kwa kumkumbuka Patrice Lumumba wa Kongo aliyeuawa Januari 1961.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba hotuba peke yake hazikuujaza uwanja ule. Waliujaza watu waliokwisha kujifunza kusimama pamoja. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na mwezi wa Septemba 1947 mgomo wao ulipanda reli pamoja na wafanyakazi wa garimoshi ukaenea hata bara, na mishahara ikapandishwa. Mwaka 1950 walipogoma tena palitokea mapambano na polisi, na chama chao kikafutwa. Mbegu haikufa: mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana kuwa Shirikisho, na katibu wake mkuu akawa Rashidi Kawawa. Vivyo hivyo wanawake. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika chama cha ngoma, alipita katika vyama vya ngoma vya mjini na kuandikisha maelfu ya wanawake katika muda wa miezi michache. Kuli, mama muuza maandazi, dereva, mpishi na karani ndio walioifanya Kariakoo kuwa Kariakoo, na Mnazi Mmoja kuwa Mnazi Mmoja.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulipokuja Desemba 1961, mji ulipandishwa kuwa jiji, na Mnara wa Saa ukajengwa kuadhimisha jambo hilo. Majina yakabadilishwa. Barabara ya Acacia ikawa Independence, na baadaye ikapewa jina la Samora Machel, rais wa Msumbiji aliyefariki mwaka 1986. Kichwele ikawa Barabara ya Uhuru. Katika bustani ya Mnazi Mmoja ukasimamishwa mnara wa Mwenge.

Majina hayakutosha, na viongozi wa wakati ule walilijua hilo. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele uliondolewa, ardhi ikawa ya kukodishwa kutoka serikalini. Mwezi wa Aprili 1971 ilitoka sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria hiyo iliigusa Uhindini kuliko mahali pengine po pote. Ilikuwa chungu kwa raia wengi wenye asili ya Kihindi waliokuwa wamejenga kwa jasho la miaka mingi, na wengine walihama nchi. Hatusemi uchungu huo haukuwa kitu. Twasema tu kwamba kwa mara ya kwanza karani na fundi Mwafrika waliweza kupanga nyumba katikati ya mji kwa kodi waliyoiweza, na ukuta ule wa kanuni za mwaka 1924 ukapasuka.

Kazi nyingine iliyofaa sifa ni soko. Banda la zamani la Wajerumani lilivunjwa, na mahali pake likajengwa soko kuu jipya lililochorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika ya Mashariki. Mwalimu alilifungua tarehe 8 Desemba 1975. Paa zake za zege ziliinuka kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini, zikikinga jua na kuyapokea maji ya mvua, huku hewa ikipita pande zote; na chini ya ardhi mlikuwa na sakafu nyingine kamili. Mchoraji huyu alimfikiria mama auzaye mchicha na mchukuzi mwenye mzigo wa viazi, akawajengea jengo ambalo mji wo wote duniani ungejivunia. Ndiyo maana usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko lile liliposhika moto, huzuni ilikuwa ya nchi nzima. Serikali ilitoa fedha za kulitengeneza upya na kujenga soko jingine kando yake.

UKUTA WA BEI

Sasa twaja kwenye shauri la leo. Mtu akitembea Kariakoo, nyumba za vyumba sita amekwisha kuzikosa. Mahali pake pamesimama ghorofa za maduka, stoo na vyumba vya kupangisha. Katika nyingi, wenye nyumba za zamani waliingia ubia na wenye fedha; waliobahatika walipata sehemu yao katika jengo jipya, wengine walichukua fedha wakahamia pembezoni mwa mji. Hatupingi ghorofa. Mji unaokua hauwezi kukaa chini ya mabati ya miaka ya 1930. Kariakoo leo yalisha nchi nzima kwa bidhaa, na wanunuzi waijia kutoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo, na Kiswahili ndicho chawapatanisha bei. Hiyo ni neema.

Lakini twauliza: yule aliyekaa hapa, aliyeubeba mji huu mgongoni, yuko wapi? Mchukuzi asukumaye mkokoteni katika Mtaa wa Kongo alala Mbagala au Chanika. Mama lishe aamka saa tisa za usiku Gongo la Mboto ili chai yake iwahi wafanyakazi wa asubuhi. Mwenye duka dogo alipa kodi ya pango kila mwaka ikipanda, naye hujui mwaka kesho utamkuta au hutamkuta. Hakuna kanuni hata moja inayosema watu hawa wasikae katikati ya mji. Hata ile ya mwaka 1924 haikusema. Kama zamani walivyoambiwa, “Kaeni mpendapo, mradi mjenge nyumba ya mawe,” ndivyo leo wanavyoambiwa, “Kaeni mpendapo, mradi mlipe.” Lugha imebadilika, na walio upande wa ndani wa ukuta wamebadilika rangi, lakini walio upande wa nje ni wale wale.

Hatusemi kwamba hakuna jema lililofanywa. Mabasi ya mwendo wa haraka yalianza kazi mwezi wa Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na tawi la Gerezani, Kariakoo. Na Juni 2024 garimoshi la umeme lilianza safari zake kutoka katikati ya mji kwenda Morogoro, likafika na Dodoma. Mfanyakazi anayelala mbali ana haki ya kufika upesi na kwa nauli ndogo. Hata hivyo, usafiri mzuri wampunguzia mtu machovu ya kukaa mbali. Haumrudishii mahali pake.

Tazama na shauri la wamachinga. Mwaka 1983 vijana wasio na kazi ya kuandikishwa walikamatwa mijini na kupelekwa mashambani kwa sheria ya Nguvu Kazi. Wengi walirudi baada ya muda mfupi, kwa maana njaa haijui amri. Likajengwa jengo maalum la wamachinga Ilala, likakaa miaka mingi likiwa na vizimba vingi vitupu, kwa kuwa biashara ya mkononi hufuata miguu ya watu nayo miguu ya watu haikupita humo. Mwishoni mwa mwaka 2018 walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakajaa barabarani; na mwezi wa Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani. Mtu mmoja, kwa muda wa miaka mitatu, aliambiwa kaa na ondoka. Twasema wazi kwamba mambo hayawezi kuendeshwa hivyo. Mpango ni ule unaomwambia mtu leo atakuwa wapi mwaka kesho.

Na kuna jambo zito zaidi ya riziki, nalo ni uhai. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa iliyokuwa ikijengwa katikati ya mji, penye Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Indira Gandhi, ilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa nyingine ilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Nchi nzima ilifuatana na sauti za walionaswa chini ya kifusi, na ikawasifu vijana waliochimba kwa mikono yao kabla ya mitambo kufika. Iliamriwa majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe. Twauliza yale ambayo kila mchuuzi wa pale ana haki kuyauliza: jengo ambamo mimi naingia kila asubuhi limekaguliwa lini, na limeonekanaje? Mwenye jengo anayechimba chini ya nguzo ili apate stoo ya ziada auza roho za watu kwa mita ya mraba. Na mkaguzi anayefumba macho ni mshirika wake.

YATUPASAYO

Kwanza, uwanja wa Mnazi Mmoja usimegwe. Twajua jinsi viwanja vya wazi vinavyopotea mijini: leo banda la muda, kesho uzio, kesho kutwa hati. Mnazi Mmoja hauna bei, kwa sababu hapo ndipo taifa lilipojifunza kusema kwa sauti moja. Wala si jambo la kale tu. Mwezi wa Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa manung’uniko juu ya kodi na ukaguzi wa bidhaa, Waziri Mkuu alikwenda kuwasikiliza hapo hapo Mnazi Mmoja, mbele ya umati. Yuko kiongozi gani angeliweza kuwasikiliza watu wengi namna ile katika ofisi? Mji usio na uwanja ni mji usio na sikio.

Pili, matokeo ya ukaguzi wa majengo yabandikwe mlangoni mwa kila jengo, kwa Kiswahili kinachosomeka, ili mpangaji na mchuuzi wajue wanakoingia. Anayestahili kushitakiwa ashitakiwe, awe mwenye fedha au mwenye cheo.

Tatu, kila soko la umma lijengwapo au litengenezwapo upya, nafasi zigawiwe hadharani, majina yasomwe, na waliokuwamo tangu awali watangulizwe, kwa kodi ambayo muuza mboga aweza kuilipa. Soko lililojengwa kwa fedha za wananchi halikujengwa ili watu wachache wakodi vizimba kumi kumi na kuvikodisha kwa wengine. Huo ni ukupe, na dawa ya kupe ni kumng’oa.

Nne, mashirika ya umma yaliyo na viwanja katikati ya mji yatenge sehemu ya kila jengo jipya kwa ajili ya wapangaji wa kipato kidogo. Ikiwa mwaka 1971 nchi maskini iliweza kumwekea karani chumba katikati ya mji, haiwezekani leo nchi yenye uwezo mkubwa zaidi ishindwe kulifikiri jambo hilo.

Hata hivyo haki huenda pamoja na wajibu, nasi tusingekuwa waaminifu kama tungewalaumu wakubwa peke yao. Wako wenye maduka makubwa wanaotoa bidhaa zao kwa vijana ili ziuzwe barabarani na kodi isilipwe. Hao wajificha nyuma ya mnyonge. Wako wachuuzi wanaoiziba njia ya waendao kwa miguu hata mgonjwa na mlemavu wasipate pa kupita, na wanaotupa taka katika mifereji kisha mvua ikinyesha wakalalamika kwamba mji umefurika. Mnazi Mmoja hautalindwa kwa makala za magazeti ikiwa sisi wenyewe twaugeuza jalala. Asiyetunza chake hana ulimi wa kudai.

Mwezi wa Februari 2021 Halmashauri ya zamani ya Jiji ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ndiyo iliyopewa jina na hadhi ya Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo kitovu hiki sasa kina baraza moja la kukisimamia, nalo haliwezi kumsukumia mwingine lawama. Madiwani wake huomba kura katika mitaa hii hii. Wanachama katika matawi na wafanyakazi katika vyama vyao na wawaulize maswali haya manne, na waulize mpaka wajibiwe. Wasisubiri jengo jingine lianguke.

Wapagazi wa Carrier Corps walibeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao, na hawakuulizwa. Wajukuu wao wanaobeba mizigo Kariakoo leo ni raia wenye kura, nao wana haki ya kuulizwa. Kitovu cha Dar es Salaam kilitengwa mara moja, na watu wakakiunganisha kwa miguu yao wenyewe walipovuka uwanja kwenda mkutanoni. Kisitengwe mara ya pili.